Dawa Nayo Ina Mizani

Msimu wa karafuu ukifika, mtazame mzee wa Kengeja, hapa Pemba, anapopeleka magunia yake kwenye kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali. Hakai mbali. Husimama ubavuni mwa mizani, jicho lote kwenye kipimo, na mpimaji akigusa gunia kwa bahati mbaya humwambia kwa adabu: "Bwana, hebu jitenge kidogo." Huuliza karafuu zake zimeingia daraja gani, na kwa nini. Akipewa stakabadhi huisoma. Miwani akiwa ameiacha nyumbani, humpa mjukuu amsomee: kilo ngapi, daraja gani, shilingi ngapi. Haondoki mpaka moyo wake uridhike.

Wiki ya pili mzee huyo huyo anashikwa na homa. Anakwenda kwa daktari mwenye kituo chake, anaeleza linalomsumbua, anatoa pesa, anapokea vifuko vitatu vilivyoandikwa kwa kalamu: "1x3", "2x2", "1x1". Anashukuru, anavaa viatu, anaondoka. Hakuuliza ndani mna nini. Karafuu ilikuwa inatoka nyumbani kwake. Dawa inaingia katika damu yake. Ile aliisimamia kilo kwa kilo, hii ameipokea kama mtu apokeaye sadaka gizani.

Ndugu zangu wa Kengeja, na majirani zetu wa Mwambe, Kiwani, Chambani na Mtambile, wito huu ni wenu. Ni wenu kwanza madaktari na matabibu mnaoandika dawa na kuzitoa wenyewe, chini ya paa moja, katika vituo vyenu. Kisha ni wetu sisi tunaobisha hodi milangoni mwenu. Ninaloliomba ni jambo dogo: dawa nayo iwe na mizani yake, na sote tuione inapopimwa.

Nianze kwa shukurani, maana zinastahiki. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilishika mwendo wa matibabu bila malipo, na vituo vya serikali vimebeba mzigo mkubwa. Lakini kila mtu wa shamba anajua kuna siku anaambiwa dawa hii imekwisha, katafute nje. Na "nje" kwa mtu wa Kengeja si duka la pembeni. Ni safari ya Mkoani au Chake Chake, na usiku ni kutafuta mwenye bodaboda aliyelala. Kuanzia miaka ya 1990 huduma binafsi zilipopata nafasi tena, daktari aliyefungua kituo kijijini na kuweka kabati la dawa nyuma ya meza yake alitupunguzia njia. Mtoto aliyeanza kuchemka saa nne za usiku hupata dawa saa nne na nusu. Hilo si dogo.

Wala si jambo la Pemba peke yake. Huko Uingereza, ambako kazi ya kuandika dawa na kazi ya kutoa dawa zimetenganishwa kwa kawaida, daktari wa vijijini huruhusiwa kumpa dawa mgonjwa wake anayeishi zaidi ya kilomita 1.6 kutoka duka la dawa. Wameona, kama tulivyoona sisi, kwamba kanuni ya mjini haimfai mtu wa shamba. Kwa hiyo simwambii daktari wetu afunge kabati. Namwomba aliweke wazi.

Fundo lenyewe liko hapa. Hospitalini, karatasi ya dawa hupita mikononi mwa watu wawili. Daktari anaandika, mfamasia anasoma. Mfamasia akiona kipimo cha mtu mzima kimeandikiwa mtoto wa kilo kumi, anasimama. Akiona dawa mbili zisizopatana, anarudisha karatasi na kuuliza. Kosa lililopita jicho la kwanza hukutwa na jicho la pili. Katika kituo cha daktari mmoja, aliyeandika ndiye anayehesabu vidonge, na ndiye anayepokea pesa. Jicho la pili halipo. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Hawakumtukana kinyozi; walijua tu kwamba hata fundi hodari hawezi kukiona kisogo chake.

Na pesa nazo zina sauti yake. Daktari akiishi kwa faida ya dawa, mgonjwa anayeondoka na ushauri mtupu anakuwa hasara. Hata mtu mwema, mwenye kumcha Mungu, akikaa miaka katika hali hiyo, mkono wake huanza kuelekea kabatini kabla ya sikio kumaliza kusikiliza. Simtuhumu mtu. Naeleza mteremko, na mteremko haumchagui apitaye.

Watu wameliona fundo hili zamani sana. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati, kuanzia Baghdad, kutengeneza na kuuza dawa kulikuwa fani yenye watu wake, na muhtasib, yule ofisa aliyezunguka sokoni kukagua mizani na vipimo, aliingia pia katika maduka ya wauza dawa. Kwake yeye pishi ya nafaka na kipimo cha dawa vilikuwa amana ya aina moja. Karne ya 13, Mfalme Frederick wa Pili wa Sicily alipiga marufuku tabibu kufanya ubia na muuza dawa. Mwaka 2000 Korea Kusini ilitenganisha kwa sheria kazi ya kuandika na kazi ya kutoa dawa, na madaktari wakagoma, kwa sababu kipato kilikuwa kimefungwa humo. Sisi hatuna wafamasia wa kutosha kuweka mmoja kila kijiji. Kwa hiyo jicho la pili hatuna budi kulitengeneza wenyewe, kwa kalamu, kwa daftari na kwa maswali.

Huenda mtu akasema: dawa zenyewe ni za kawaida tu, panado na dawa ya damu, hatari iko wapi? Basi nikumbushe jambo lililotokea hapa hapa kisiwani, ambalo dunia nzima ya utabibu inalijua na wengi wetu hatulijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wadogo wa Pemba, zaidi ya 24,000, waliingia katika utafiti mkubwa uliohusu madini ya chuma, yale yale ya dawa ya kuongeza damu. Nia ilikuwa njema kabisa. Watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu, na nani angeogopa dawa ya damu? Lakini waliokuwa wakichunguza usalama wa utafiti waliona hesabu haziendi vizuri, na mwaka 2003 utoaji wa madini hayo ukasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet: watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa kwa maradhi makali kuliko wenzao. Wakati huo malaria ilikuwa bado imetanda kisiwani, na chuma kilichoingia mwilini bila kuangalia hali ya mtoto kiligeuka mzigo.

Kuna upande wa pili wa habari hiyo, na ndio wenye mafunzo zaidi. Katika kundi la watoto waliopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika na dawa ile ile. Kidonge hakikubadilika. Kilichobadilika ni hali ya mtoto aliyekipokea, na hali hiyo haijulikani bila kupima. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Ulimwengu ulijifunza kwa watoto wa Pemba kwamba hakuna dawa ya kawaida. Kuna dawa iliyopimiwa mtu wake na dawa iliyotolewa kwa kukisia. Itakuwa aibu sisi tuliotoa somo tuwe wa mwisho kulishika.

Na kupima leo ni rahisi kuliko jana. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwaka 2003, vyandarua na upulizaji vikasaidia, na kwa miaka mingi maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1. Maana yake, homa nyingi zinazobisha mlangoni mwa daktari siku hizi si malaria. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu mgonjwa akiwa bado yuko kituoni. Kumpa dawa ya malaria mtu ambaye hana malaria ni kumtoza kwa deni la mtu mwingine, na maradhi yake ya kweli yanabaki yamejificha.

Antibayotiki ndizo zinazonitia hofu zaidi, zile tulizokuwa tukiziita "rangi mbili" na ndugu zake. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba atakayetumia dawa hiyo kidogo kuliko inavyotakiwa atawafundisha vijidudu kuizoea. Nusu dozi, yaani vidonge sita kwa sababu mgonjwa ana pesa ya sita, ndiyo chuo cha vijidudu. Mwaka 2019 pekee, usugu wa vimelea dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Vijidudu vilivyokuwa sugu kwa mtoto wa jirani havitasimama kwenye kitalu chake. Vitapita chini ya mlango wako.

Sasa nizungumze nanyi madaktari, kwa heshima.

La kwanza, na kama mtanikubalia moja tu basi nikubalieni hili: andikeni jina la dawa kwenye kila kifuko na kila chupa. Jina, nguvu yake, tarehe, jina la mgonjwa, na namna ya kuitumia kwa Kiswahili kinachosomeka. "1x3" si maelezo. Mwengine huisoma mara moja kwa siku vidonge vitatu, mwengine kidonge kimoja mara tatu. Andikeni "kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, siku tano, baada ya chakula." Kwa dawa ya maji, onesheni kipimo kwa mililita kwa kikombe au bomba lake, kwa sababu kijiko cha mama mmoja si kijiko cha mama mwengine. Na mkitoa chupa kutoka katika boksi lake, namba ya toleo isipotee. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki huko Gambia, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa kutaja majina ya dawa zenyewe. Tahadhari kama hiyo ikifika Kengeja, mama mwenye chupa isiyo na jina ataitambua kwa nini?

La pili, daftari. Kila mgonjwa na mstari wake: ana nini, uzito wake kama ni mtoto, amepewa nini, kiasi gani. Daftari ni jicho la pili la daktari wa peke yake. Akilisoma mwisho wa mwezi ataona kama mkono wake umeanza kuteremka: antibayotiki ngapi, sindano ngapi, na ngapi kati yake angezitetea mbele ya mwalimu wake aliyemfundisha.

La tatu, chanzo na mahali pa kuweka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi haina ubora au ni ya bandia. Nunueni kwa wauzaji waliosajiliwa, kwa risiti, hata kama mwenye begi begani anauza rahisi. Na mnajua joto na unyevu wa kisiwa chetu: kabati lililo chini ya bati linalopigwa na jua la mchana huipika dawa kimyakimya. Tarehe ya mwisho ikifika, dawa itolewe kabatini, isiwekwe nyuma ya nyengine.

La nne ndilo gumu. Tenganisheni ada ya kumwona daktari na bei ya dawa. Mwambieni mgonjwa wazi: hii ni ada ya kuchunguzwa na kushauriwa, na hii ni bei ya dawa kama utahitaji. Siku ambayo daktari ataweza kumwambia mama, "Mwanao ana mafua tu, mpe maji, mnyonyeshe, akipumua kwa shida mrudishe hapa mara moja," na akalipwa kwa maneno hayo, siku hiyo kabati halitamvuta tena.

Lakini daktari hawezi kuyafanya haya tukimpinga, na sisi tumekuwa wapinzani wakubwa. Tuseme kweli. Daktari asiyetoa sindano tunamwita hajui. Anayetuambia tukanywe maji tunasema ametufukuza. Tukitoka na kifuko kimoja tunahisi tumepunjwa, tukitoka na vitano tunasifu barzani: "Yule ndiye dokta!" Tunampima daktari kwa uzito wa vifuko kama tunavyopima karafuu, na humo ndimo tulimokosea mizani. Karafuu uzito ni faida. Dawa uzito ni hatari, isipokuwa ule unaohitajika.

Kwa hiyo tulipe ada ya ushauri bila kinyongo. Tuseme kila kitu tunachotumia: dawa ya presha, ya sukari, mimba ya miezi miwili ambayo bado ni siri, hata mizizi tuliyochemshiwa nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa naye yumo katika msafara huo. Tusigawane vidonge na jirani kwa sababu "homa yake kama yangu." Tusinunue nusu dozi; kama pesa haitoshi, tumwambie daktari, maana huenda ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, au ipo bure kituo cha serikali.

Nina mama yangu mkubwa mwenye kikapu cha ukili kilichotundikwa juu ya kitanda chake. Ndani mnakaa dawa. Siku moja alipolalamika tumbo linamuunguza na miguu imevimba, kijana wetu mmoja aliyesomea dawa alikishusha kikapu na kumwaga vilivyomo juu ya mkeka. Vifuko kumi na kimoja, na si hata kimoja chenye jina. Akakaa mlangoni penye mwanga akisoma herufi ndogo zilizochongwa juu ya vidonge, kimoja kimoja. Mwisho akatenga vya aina mbili, vyeupe na vya rangi ya waridi. Vilitoka kwa madaktari wawili tofauti, wiki mbili tofauti, kwa maumivu yale yale ya goti. Vyote viwili vilikuwa dawa za maumivu za jamii moja, zile zinazochoma tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha. Na mama mkubwa ana presha. Daktari wa pili hakuwa mjinga. Aliuliza, "Mama, unatumia dawa gani?" Akajibiwa, "Vidonge vyeupe, mwanangu." Angejuaje? Jina lingekuwa kwenye kifuko, swali lile lingekuwa na jibu, na mama mkubwa asingemeza maradhi mawili kwa kutafuta dawa ya moja.

Ndiyo maana wito huu unakwenda pia kwa wengine. Masheha wetu, mna uwezo wa kuwakalisha pamoja wenye vituo na wananchi, jioni moja tu, wakubaliane kwamba hapa kwetu dawa isiyo na jina haitoki mlangoni. Maimamu, sura nzima ya Qur'ani imebeba jina la wanaopunja vipimo. Khutba moja ikumbushe kwamba kipimo kinachohesabiwa si cha mchele peke yake. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na wasimamizi wa hospitali binafsi, tunawaomba mje shamba mara kwa mara, na mje kama walimu kabla ya kuja kama askari. Daktari wa kijijini anayemwona mkaguzi kwa kufungiwa mlango tu hujifunza kuficha. Anayefundishwa namna ya kuweka daftari hujifunza kuonesha.

Na nyinyi vijana wa skuli, mnaowasomea babu zenu stakabadhi za karafuu, kazi ni ile ile. Shusheni vikapu vya nyumbani. Someni. Kisicho na jina, kipelekeni kwa daktari aliyekitoa mkamwombe, kwa adabu, akiandike. Kilichopita tarehe msikitupe shimoni wala njiani mtoto akakiokota. Kirudisheni kituo cha afya.

Sheria kamili zinaweza kuchelewa, wafamasia wanaweza kuchelewa zaidi. Kalamu haichelewi, iko mezani kwa kila daktari. Basi safari ijayo ukitoka kwa daktari, simama kwenye baraza yake kabla hujavaa viatu. Kisome kifuko kama unavyoisoma stakabadhi ya karafuu. Kikiwa hakina jina, piga hodi tena, toa salamu upya, kiweke mezani, umwambie: "Dokta, naomba uniandikie hii ni nini." Naye, akiwa ndiye daktari tunayemjua, atacheka kidogo na kutafuta kalamu.